Mgeni Njoo, Nondo Apone

Wasikilizaji wa Kasulu na Kibondo, na ninyi majirani wa Kakonko na Buhigwe, tulieni kidogo na redio, maana mazungumzo ya leo yanagusa mfuko.

Leo nazungumzia mdudu. Si yule wa kwenye mahindi. Kiwavijeshi vamizi tumemjadili mpaka tumechoka tangu alipoingia nchini mwaka 2017, na kila mkulima anamjua kwa sura. Mdudu wa leo makazi yake ni juu ya miti, hasa miti ya mbao laini: mipaini, ambayo wengine mnaiita misindano, pamoja na saipresi, ile tunayoipanda kuzunguka makanisa na shule.

Mipaini imekuwa akiba ya wengi. Mtu anauza ng'ombe, ananunua miche, anapanda mlimani ambako mahindi yamekwisha kukataa, anapalilia misimu miwili mitatu, kisha anaanza kuhesabu miaka ya kungoja mbao. Na ndani ya hesabu hiyo mna imani moja ambayo haisemwi kwa sauti: kwamba mti uliotoka ng'ambo hauna adui huku kwetu. Mdudu wa Afrika atajuaje kuula mti wa Mexico? Imani hiyo ndiyo ninayoipinga leo, na shahidi wangu ni nondo.

Nondo huyu wanasayansi humwita Gonometa podocarpi. Jina hilo alilitoa Christopher Aurivillius, mtaalamu wa wadudu wa Sweden, mwaka 1925, akilitoa kwenye podo, mti wetu wa asili. Kwa hiyo mdudu huyu hakuletwa na meli wala na mche. Ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Alikuwapo Kenya, Uganda na Tanzania, akila majani ya podo katika misitu ya milimani, kabla babu zetu hawajauona mpaini hata mmoja. Podo mnaifahamu hata kama hamjaipanda. Imo katika msitu wa juu kule milima ya Mahale, upande wa kusini wa mkoa wetu wa Kigoma, na ng'ambo ya mpaka imo katika msitu wa Kibira huko Burundi.

Maisha yake ni ya ajabu kidogo. Nondo mzima hali kitu. Kinywa chake kimedumaa, na siku chache anazoishi ni za kutafuta mwenzake usiku, kutaga na kufa. Jike ni mkubwa kuliko dume, mwili umejaa mayai, mzito wa kuruka. Kula kote kunafanywa utotoni, wakati yu kiwavi. Kiwavi huyo anaambua ngozi mara kadhaa akikua, mpaka anapata unene wa kidole cha mtu mzima, na mwili wake una nywele nyingi zinazowasha. Akishiba anajifumia kifuko cha hariri, kigumu, kwenye kijiti au kwenye vichaka vya chini, na nywele zile zile anazichomeka kwenye kuta za kifuko. Hapo ndani anageuka taratibu mpaka atoke akiwa nondo.

Katika msitu wa asili nondo huyu hasumbui mtu. Podo moja imesimama hapa, nyingine ipo mbali huko, na katikati imejaa miti ya kila aina ambayo kiwavi hawezi kuila. Kila kizazi kinapotea kwa wingi kikitafuta chakula, na kinachobaki kinaliwa na ndege, kinachomwa na nyigu wadogo, kinatagiwa mayai na inzi. Idadi inabaki ndogo.

Sasa sikilizeni kilichotokea baada ya serikali za kikoloni, na baadaye serikali zetu, kupanda mipaini kwa wingi. Mpaini uliopendwa zaidi ni Pinus patula, uliotoka milima ya Mexico. Unakua haraka, unanyooka, unapenda baridi ya nyanda za juu. Ndio uliojaza mashamba ya Sao Hill kule Mufindi. Uganda nao waliupanda, na mojawapo ya mahali hapo ni Muko, katika Kigezi, kona ya kusini magharibi karibu na ziwa Bunyonyi.

Mpaini na podo ni jamaa wa mbali. Miti yote miwili imo katika kundi la miti isiyotoa maua ya kawaida. Kwa macho yetu haifanani. Kwa kiwavi aliyezoea podo, tofauti si kubwa sana. Nondo wa Muko walihamia mipaini, na wakaongezeka mpaka wakawa wanavua miti majani. Mtafiti mmoja, Austarå, alifuatilia maisha ya nondo huyu hapo hapo Muko, na mwaka 1971 akachapisha utafiti wake katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, akimtaja waziwazi kuwa ni mharibifu wa miti ya mbao laini iliyoletwa kutoka nje.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuwa mpaini, na mwenyeji aliyepona ni nondo.

Na alipona kwa sababu ya hesabu. Ukipanda mipaini kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inabeba miti 1,111. Miti hiyo ni ya aina moja na ya umri mmoja, na matawi yake yanakaribia kugusana. Kiwavi aliyekuwa akipotea njiani kutoka podo hadi podo sasa hana njia ya kupotelea. Nondo jike, mzito na mayai yake, hana haja ya kuruka mbali. Ni kama kumfungulia ghala mtu aliyezoea kuokota punje barabarani. Halafu tukashangaa kwamba anashiba.

Isidhaniwe kwamba hayo ni ya Uganda tu. Afrika Kusini wana nondo wao, mkubwa, mwenye madoa ya duara kwenye mabawa, aitwaye Nudaurelia cytherea. Alikuwa akila vichaka vya asili vya eneo la Rasi ya Tumaini Jema. Walipopanda mipaini ya California, naye akahamia huko. Mti tofauti na nchi tofauti, lakini mwenendo ni ule ule: mti wa nje ukipandwa kwa wingi wa kutosha, kwa muda wa kutosha, mdudu wa nyumbani huupata.

Mkulima mwenzangu wa Heru Juu anaweza kuniuliza: majani yakiliwa si yatachipua tena? Mkaratusi ukikatwa kabisa si unachipua kisikini? Ni kweli kwa mkaratusi. Mpaini si hivyo. Majani yake ya sindano hukaa mtini zaidi ya mwaka mmoja, na hayo ndiyo akiba yake ya chakula. Ukinyang'anywa sehemu, unapona, lakini ukuaji unapungua, na upungufu huo unauona siku ya kupasua mbao: pete za miaka ile zinakuwa nyembamba. Ukivuliwa wote, tena na tena, unaweza kufa, na ukifa haurudi kutoka kwenye kisiki. Hata usipokufa unabaki dhaifu, na mti dhaifu huvutia fangasi na wadudu wengine wa magome.

Hapa naomba tutofautishe aina mbili za maadui, maana dawa zao si moja.

Wapo wadudu wa mipaini na saipresi waliotoka nje. Mmoja alikuwa kidukari wa saipresi. Alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania mwaka 1988, na mwaka 1990 akawa Kenya. Alikausha saipresi kwa maelfu, ua kwa ua, shamba kwa shamba. Wazee wengi wanakumbuka miti ya kijani ikigeuka rangi ya kutu. Yule alikuja bila maadui zake. Ilibidi wataalamu wamfuate kwao Ulaya, wamchukue nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum, ambaye hutaga ndani ya kidukari, na kumwachia huku. Malawi walimwachia mwaka 1994. Nyigu yule alifanya kazi ambayo dawa ya kunyunyiza isingeiweza.

Nondo wetu ni kinyume cha huyo kidukari. Maadui zake hawahitaji kuagizwa Ulaya. Wako hapa hapa, wamekuwa wakimla tangu zamani. Ni inzi wenye manyoya magumu wanaotaga juu ya viwavi, ni nyigu wanaochoma vifuko, ni ndege, ni fangasi wanaoua viwavi wakati wa mvua. Swali la mkulima wa Kasulu na Kibondo ni moja tu: maadui hao wanakaa wapi?

Wanakaa porini. Inzi yule akimaliza kumla kiwavi kwa ndani, mara nyingi hushuka ardhini na kujificha kwenye majani makavu hadi amalize kukua. Nyigu mzima anaishi kwa kunyonya maua ya vichaka na magugu. Ndege wanajenga katika miti ya asili yenye mashimo na matawi mapana. Mpaini uliopandwa peke yake kilima kizima, chini hakuna kichaka wala ua wala kivuli cha mtundu, hauna nafasi kwa yeyote kati yao. Unabaki na mdudu, bila wanaomla.

Na sisi huku tumekuwa tukiwafukuza walinzi hao kwa njia mbili. Ya kwanza ni shoka. Sitawalaumu wakimbizi, wala sitawasifu wenyeji. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, na nyingine zilizofuata na kufungwa na kufunguliwa tena, maelfu ya watu walihitaji kuni za kupikia, na pori lililowazunguka ndilo lililotoa. Lakini mkaa uliojaza magari kwenda mijini, na mashamba mapya yaliyokatwa katika misitu ya Makere, hayo hayakuwa ya wakimbizi peke yao. Pori la miyombo linarudi nyuma, na mahali lilipokuwa tunapanda mipaini kwa mistari iliyonyooka. Tunaita hiyo kurudisha msitu. Ni kurudisha miti, nakubali. Msitu ni habari nyingine.

Njia ya pili ni moto. Mvua zetu huanza Oktoba na kuishia Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba nyasi zimekauka, na kila jioni ukitazama vilima unaona mstari mwekundu. Mwenye shamba la mipaini anachoma chini ya miti akidhani anasafisha. Anachoma inzi waliojificha kwenye majani makavu. Anachoma maua ya nyigu. Kisha anashangaa viwavi wakitokea wengi kuliko mwaka uliopita.

Wengine watasema: tununue sumu, tupulizie. Ndugu zangu wa Kibondo, ninyi mnaning'iniza mizinga tangu enzi za babu zenu. Asali na nta ya Kibondo inajulikana mbali. Sumu ya kuua viwavi juu ya mti wa mita 15 haiwezi kuchagua: inapeperuka, inaangukia maua, inaua nyuki pamoja na wale wale inzi na nyigu tunaowahitaji. Ipo dawa ya bakteria iitwayo Bt, ambayo huua viwavi wanapoila na majani, na haiwadhuru nyuki kama sumu za kawaida. Lakini nayo inafanya kazi vizuri kwa viwavi wadogo tu, na kuifikisha juu ya miti mirefu ni gharama ambayo mwenye ekari mbili haiwezi. Hiyo ni silaha ya mwisho, na iamuliwe na mtaalamu.

Basi mkulima afanye nini? Nitataja mambo manne, yote ya bei nafuu.

La kwanza, kagueni. Mara moja kwa mwezi pita chini ya mipaini yako ukitazama ardhi. Viwavi hudondosha kinyesi cha punje ndogo kavu, na vipande vya majani yaliyokatwa. Ukiziona punje hizo nyingi chini ya mti, inua macho uone kama kilele kinapungua ujani. Tafuta vifuko kwenye vijiti na vichaka. Shamba lililokaguliwa kila mwezi halishtukizwi.

La pili, msichome vifuko ovyo. Vikusanyeni kwa koleo au mkono uliovaa glavu, kamwe si kwa mkono mtupu. Viwekeni katika sanduku lenye wavu ambao matundu yake yanampitisha inzi au nyigu, lakini yanamzuia nondo. Kifuko chenye adui ndani kitamtoa adui huyo, naye atarudi shambani kuendelea na kazi. Kifuko chenye nondo kitamtoa nondo, naye atafia ndani ya sanduku. Ukichoma vyote, umewaua askari pamoja na mwizi.

La tatu, acheni ukanda wa miti ya asili. Mwenye hekta kumi asipande mipaini katika zote kumi. Apande katika vipande, na kati ya kipande na kipande aache mitundu, mininga na vichaka vyake visimame. Bondeni kwenye chemchemi asiguse kabisa. Ukanda huo utamlipa pia kuni, dawa za miti shamba na mahali pa mizinga. Na anayeanza sasa achanganye: mipaini hapa, grevilea pale, mikaratusi mbali na maji.

La nne, katani njia za moto kuzunguka shamba kabla ya Juni, na ndani ya shamba moto usiingie.

Sasa nije kwenye afya, kwa sababu nywele za viwavi hawa si mchezo. Wenzao wa Ulaya, wale viwavi wa mipaini wanaotembea kwa mstari mmoja nyuma ya mwenzao, wanajulikana Uhispania na Ufaransa kwa kuwasha watu na kuwajeruhi mbwa ulimi, na kwa kadiri majira ya baridi yanavyopungua ukali wamesogea kaskazini mpaka jirani na Paris. Wa kwetu naye ana nywele za namna hiyo, na zinabaki kwenye kifuko hata baada ya nondo kuondoka. Watoto wa shule wasivichezee. Akina mama mnaookota kuni chini ya mipaini, kung'uteni kijiti kwa mbali kabla ya kukibeba kichwani, na vifuko visiingie jikoni. Aliyeguswa asijikune wala asisugue. Abandike utepe wa gundi juu ya ngozi na kuubandua ili utoke na nywele, kisha aoshe kwa maji mengi na sabuni, na nguo zifuliwe. Zikiingia jichoni au mtu akianza kubanwa kifua, ni zahanati mara moja.

Wafugaji nao wasikilize. Huko Botswana na nchi jirani, ndugu wa nondo huyu wanaoishi kwenye migunga wamewahi kuua ng'ombe bila sumu yoyote. Wakati wa kiangazi malisho yakiwa haba, ng'ombe hula vifuko vilivyoanguka pamoja na majani, hariri haisagiki tumboni, inajikusanya na kuziba. Anayelishia ng'ombe chini ya miti yenye vifuko vingi avifagie kwanza.

Lakini sipendi muondoke mkidhani nondo hawa ni balaa tupu. Hariri hiyo hiyo inayoziba tumbo la ng'ombe inafumwa nguo. Huko Kalahari watu huokota vifuko vya nondo wa migunga, Gonometa postica, baada ya wenyewe kuruka, na nyuzi zake zinauzwa. Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliwahi kufanya kazi na wananchi wa Mwingi kuhusu hariri ya nondo huyo huyo. Aliyeona hasara tu kwenye mdudu hajamaliza kumwangalia.

Nawaomba basi mambo mawili. Serikali za vijiji, pale mnapogawa miche ya mipaini, gaweni na miche ya asili, na ukanda wa pori uandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, usiwe jambo la hiari ya mtu. Na ninyi wenye mashamba, mkiona viwavi wenye nywele juu ya mipaini yenu, msingoje mti ubaki vijiti. Chukueni kifuko kimoja kwenye chupa yenye mfuniko, andikeni kijiji na tarehe, mpeleke kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu iliyo karibu, naye aifikishe Taasisi ya Utafiti wa Misitu kule Morogoro.

Mpaini ni mti mzuri na mbao zake tunazihitaji. Kosa ni kuupanda peke yake na kufyeka kila kinachoulinda.